Mzizi wa Bangi na Ijumaa Nilizozificha

Tangu nianze kutembea tena bila fimbo, watu husimama mbele ya nyumba yangu hapa Nkowe na kuniuliza swali moja. Hawaulizi niliumwa nini. Wanauliza, "Ulipona kwa dawa gani?" Wengine huja kwa baiskeli, wengine hushushwa na bodaboda wakiwa wameshikiliwa na jamaa zao. Jibu wanakuja nalo tayari, wamelisikia sokoni: nilipona kwa mzizi wa bangi aliouchemsha dada yangu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ule ukweli kidogo ndio ulioleta madhara. Dada yangu, Somoe, amezikwa Kilimarondo. Naandika mambo yalivyofuatana, ili anayeumwa viungo kama mimi, au anayeuguza mtu, aone ni wapi niliponyamaza.

Ugonjwa ulianza msimu wa kupulizia mikorosho. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuzunguka kwa pikipiki kutoka kitongoji hadi kitongoji, kuwaonesha wakulima namna ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Asubuhi moja vidole vya mkono wa kushoto vilikataa kubana klachi. Havikuuma sana. Vilikataa tu, kama vya mtu mwingine. Nikavikanda kwa maji ya moto, ilipofika saa nne vikalegea, nikaenda kazini. Nilidhani ni mtetemo wa pampu.

Wiki ya tatu ukahamia mkono wa kulia, kisha vifundo vya miguu, kisha magoti. Nilianza kuandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la kazini: siku, kiungo kilichovimba, saa ya kuamka, na saa ambayo niliweza kufunga kifungo cha shati. Kifungo ndicho kilikuwa kipimo changu. Mwanzoni ilikuwa saa mbili asubuhi. Wakati wa kuvuna mbaazi ilikuwa saa sita mchana. Baadaye niliacha kuandika, kwa sababu kalamu ilikuwa haishikiki, na vifungo alinifunga mke wangu, Asha. Alianzia shingoni akishuka chini, macho yake kwenye kitambaa, hakunitazama usoni. Siku moja mtoto wetu wa mwisho alicheka: "Baba anavalishwa kama mimi!" Asha akamtuma maji kisimani, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Zahanati nilikwenda mara nne. Nilipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipumzike. Sikulaumu, uvimbe wangu ulikuwa na tabia ya kujificha nilipofika pale mchana. Nilipungua mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya kwa msumari. Nguvu za kuchuchumaa chooni ziliisha, Asha akanitengenezea kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Kuna aibu ambazo hakuna anayekuonya juu yake. Hiyo ni mojawapo, na anayekuondolea aibu hiyo bila kusema neno hutakuja kumlipa.

Korosho za kwanza zilipoanza kudondoka, Asha alinipeleka hospitali ya misheni. Kwenye benchi la kusubiria, foleni ilikuwa ikisogea kwa makalio: aliye mbele akiingia, wote mnasogea hatua moja ya kukaa. Mimi sikuweza kusogea. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu aliona, akawaambia waliofuata, "Huyu mwacheni hapo hapo. Pitieni, lakini kila mtu ajue yuko nyuma yake." Basi watu wakanizunguka, na kila mgeni aliyekuja alielezwa upya kwamba yuko nyuma ya yule asiyesogea. Nilikaa pale tangu saa mbili hadi saa nane, na hakuna aliyeniibia zamu. Naweka jambo hilo hapa kwa sababu katika mwaka ule mambo ya namna hiyo yalihesabika.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alibonyeza kila kidole changu, akachukua damu, akaniita tena wiki iliyofuata. Alisema ni baridi yabisi ile inayokula viungo. Akanipa vidonge vidogo vya njano.

"Mara moja kwa wiki tu," alisema. "Chagua siku, usiibadilishe. Ukimeza kila siku utajiua."

"Ijumaa," nilisema.

"Sawa, Ijumaa. Na nisikilize vizuri. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Wa pili huenda usione. Usiache."

Nilimeza Ijumaa tano nikiwa kitandani kwangu. Sikuona kitu, kama alivyosema. Wiki ya sita akaja Mjomba Bakari.

Kwetu Wamwera, mtu akiugua kidogo huuguzwa na mkewe. Akizidiwa, anakuwa mgonjwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba Bakari alikuja kutoka Kilimarondo pamoja na Somoe, dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Somoe aliingia, akaninyanyua mkono, akautazama.

"Lo! Bwana Shamba mzima kaota ubwiri unga kwenye vidole! Sasa wewe nani atakupulizia?"

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka, na hata taya liliuma.

Mjomba hakucheka. Alimgeukia Asha. "Mwanangu, tumekuja kumchukua ndugu yetu. Somoe anajua mzizi aliouacha bibi yao."

"Mjomba, ana dawa za hospitali," Asha alisema. "Ameanza juzi tu."

"Juzi ngapi?"

"Ijumaa tano."

"Na anatembea?"

Asha akaitazama miguu yangu iliyovimba.

"Basi."

"Mzizi gani huo?" Asha alimwuliza Somoe, ingawa alijua. Ukoo mzima ulijua. Bibi yetu hakuutaja mmea ule kwa jina. Aliuita "ule wa nyuma ya nyumba", na mizizi yake aliifunga kwa walioungua moto na kuichemshia wanawake waliotoka kujifungua.

"Bangi, wifi. Unataka nikuimbie?"

"Huyu ni mtumishi wa serikali! Mkikamatwa na huo mti wenu?"

"Kinachokamatwa ni majani. Mzizi nani anautaka? Hauleweshi hata kuku."

Nilijua si hivyo. Nimekaa vikao vya kata, nimesikia polisi wakieleza: huwezi kuwa na mzizi pasipo kuwa na shina, na sheria haichagui kipande. Sikusema. Nilikuwa mtu wa maumivu, nilitaka kupelekwa popote.

"Jambo moja," alisema Mjomba akisimama. "Dawa hii haitaki mwenzake. Dawa mbili zikiingia mwili mmoja zinagombana, na uwanja wa ugomvi ni mgonjwa. Za hospitali zibaki hapa."

Niliitikia kwa kichwa. Asha aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo zangu, akanifunga vifungo vya shati kwa mara ya pili asubuhi ile. Tulipovuka Nachingwea mjini ndipo nilipohisi kitu mfukoni, juu ya titi la kushoto. Vidonge, vimekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Juu yake aliandika neno moja: Ijumaa.

Nilikaa Kilimarondo muda wote wa mvua. Nyumba ya Somoe ni ya mwisho kabla ya mashamba, na tembo wakishuka kwenye mahindi ndiyo inayoanza kupiga debe kuwafukuza. Aliishi na binti yake, Rehema, aliyekuwa na mtoto mchanga. Somoe alichimba mizizi alfajiri mahali ambapo sikuwahi kuulizia. Majani na mashina aliyachoma huko huko. Mizizi aliiosha mpaka ikawa myeupe kama mihogo myembamba, akaitwanga, akaichemsha kwenye chungu hadi maji yakawa rangi ya chai hafifu ya majani yaliyorudiwa. Alilowesha vipande vya kanga chakavu, akavifunga kwenye vifundo na magoti, na juu yake akapaka mafuta ya ufuta. Kikombe kimoja kidogo nilikunywa. Kilikuwa na ladha ya udongo na uchungu uliokaa nyuma ya ulimi mpaka chakula cha mchana.

Nitasema nilichokiona, wala sitaongeza. Baada ya muda kama wa kupika ubwabwa, moto ndani ya viungo ulipungua. Uvimbe ulibaki ulivyo, vidole havikufunguka, lakini moto ulipungua kwa saa kadhaa, na ndani ya saa hizo nililala usingizi ambao sikuupata Nkowe. Kwa hilo peke yake ningeweza kulia.

Rehema alinionesha kwenye simu kikopo cha mafuta kutoka nchi za nje, kimechorwa mzizi ule ule, maelezo yake kwamba ni ya magoti na mgongo. Mjomba akakitazama kwa mbali bila miwani.

"Wazungu wamechelewa," alisema. "Wakija, Somoe, usiwafundishe bure."

Ijumaa zilinikuta hivi. Mjomba na wanaume wengine walikwenda msikitini, mimi nilisamehewa kwa sababu ya miguu. Somoe alikuwa jikoni. Nilijikokota hadi bafuni, penye uzio wa makuti, nikafungua karatasi kwa meno maana vidole havikuweza, nikameza vile vya njano kwa maji ya kopo la kuogea. Karatasi niliitafuna kidogo na kuitema shimoni. Asha alituma nyingine kupitia kwa dereva wa gari la abiria, ndani ya mfuko wa chumvi. Sikukosa hata Ijumaa moja.

Kwa nini nilificha? Nimejiuliza sana. Nilimheshimu Mjomba. Niliogopa angesema dawa imeharibika, nirudishwe kwa Asha kwa hasira, ukoo na mke wangu wabaki hawasalimiani. Na Somoe aliamka alfajiri kwa ajili yangu, mvua ikinyesha. Ningemwambiaje kwamba nina dawa nyingine mfukoni? Nilijiambia kwamba sijasema uongo, nimenyamaza tu.

Mvua zilipokuwa zinaelekea mwisho, asubuhi moja nilifunga kifungo mwenyewe. Wiki iliyofuata nilikunja ngumi. Kisha nikasimama bila kushika ukuta, nikatembea hadi kisimani na kurudi. Ilikuwa kama daktari alivyosema: mwezi wa kwanza, wa pili, kisha. Somoe alipiga vigelegele, majirani wakaja. Mjomba alinileta katikati ya ua.

"Hebu tembea waone."

Nikatembea.

"Kunja vidole."

Nikakunja.

"Mmeona? Mwanzo wa mvua aliletwa kama mzigo wa kuni!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikasema alhamdulillahi. Mungu alijua ninachomshukuria. Wao walisikia ninashukuru mzizi.

Siku chache kabla ya kuondoka kwangu, Somoe alikuwa barazani anapepeta mbegu za ufuta. Alisimamisha ungo.

"Yusufu. Tuache utani."

"Naam, dada."

"Huu mzizi umekusaidia kweli, au unanifurahisha mimi?"

Alikuwa amekaa mkono mmoja kwenye ungo, mwingine umeingia chini ya kanga, upande wa kushoto, kama mtu aliyeshika kitu kisidondoke. Niliuona mkono ule. Kazi yangu ni kuona; nikiingia shambani naona jani moja lenye doa kati ya elfu. Niliuona, nikadhani ni baridi.

"Umenisaidia, dada."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya," alisema, akaendelea kupepeta.

Nilirudi Nkowe na kazini. Asha aliniuliza usiku wa kwanza kama nimewaambia. Nikasema bado. Aliniuliza tena wakati wa kuvuna ufuta. Nikasema nitakwenda mwenyewe, jambo kama hilo halisemwi kwa simu. "Wewe unangoja nini?" alisema. "Mpaka wakuchagulie uwe mganga?" Tukaacha kuzungumza kwa siku mbili. Nilikwenda kliniki kila ilipofika tarehe, nikatoa damu, nikapewa vidonge, nikakaa kwenye benchi lile nikisogea kama wenzangu.

Kisha Rehema alipiga simu. "Mjomba," aliniita, maana mimi ndiye mjomba wake, kama Bakari alivyo wangu. "Mama hanyanyui mkono wa kushoto. Na kuna harufu."

Nilifika Kilimarondo siku ya pili kwa bodaboda. Somoe alikuwa amekaa mkekani, kanga kaifunga juu, karibu na shingo. Kaka hamwangalii dada yake sehemu ile, kwa hiyo Rehema alinieleza, ameutazama mlango: lilikuwa vimbe dogo kwenye titi la kushoto tangu msimu wa korosho uliopita. Lilikua wakati wa mvua. Sasa limepasuka. Tangu nilipoondoka Somoe alikuwa akifunga mzizi na kunywa, asubuhi na jioni.

"Twende hospitali, dada. Leo."

"Mzizi unakwenda polepole," alisema. "Wewe ulikaa karibu miezi mitatu. Mimi natimiza wa tano, tena mimi ni mkongwe." Alijaribu kutabasamu. "Ukivunja katikati unaharibu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Rehema alikuwa ametoka kumnyonyesha mtoto, tulikuwa wawili. Nilimwambia habari za vidonge vya njano, bafu, karatasi, mfuko wa chumvi. Nilimwambia kwamba mzizi ulinipoza maumivu, na vidonge ndivyo vilivyofungua viungo.

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alimfukuza kuku aliyeingia ndani, kwa mkono ule mmoja unaonyanyuka.

Niseme hapa jinsi ninavyofundisha. Nikitaka wakulima waamini dawa mpya ya mikorosho, tunachagua shamba moja, mstari mmoja unapuliziwa na mstari wa jirani hauguswi. Msimu ukiisha wanakuja kuona wenyewe. Na nakazia jambo moja kuliko yote: usipulizie dawa mbili kwenye mstari mmoja, maana hutajua ipi iliyofanya kazi. Somoe alihudhuria darasa hilo mara tatu, alipokuja kututembelea. Alikaa mstari wa mbele na kunitania mbele ya wakulima.

"Mimi nilikuangalia wewe," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa mstari wangu."

Nilivuta ncha ya mkeka iliyokunjika, nikainyoosha.

"Asha anajua?"

"Anajua."

"Kwa hiyo mlijua wawili." Akageuza uso mlangoni. "Rehema! Nitafutie viatu."

Tulikaa kwenye benchi lile lile la hospitali ya misheni. Safari hii yeye ndiye hakuweza kusogea, na mimi niliwaambia watu, "Pitieni, lakini mjue mko nyuma yake." Daktari alikuwa yule yule. Aliuliza dawa za kienyeji alizotumia, nikajibu yote, mzizi, kiasi cha kikombe, miezi. Hakutukaripia.

"Mzizi ule watu wanauchunguza," alisema. "Huenda una kitu cha kupoza uvimbe wa viungo. Sikatai. Lakini sijaona anayenionesha kwamba unaondoa saratani ya titi. Na kuunywa miezi yote hiyo, ini linapata kazi." Akamgeukia Somoe, akasema naye, wala hakuzungumza juu ya kichwa chake kama wengine wanavyofanya. "Mama, ungekuja wakati wa mvua tungekuwa na mazungumzo mengine. Sasa tuzungumze haya."

Alipelekwa Dar es Salaam pamoja na Rehema. Alitundikiwa dripu mbili za dawa ya saratani, nywele zikaondoka, ya tatu mwili ukaikataa. Akasema anataka kurudi kwake. Mikorosho ilikuwa imetoa maua aliporudi, na shamba lote lilinukia asali.

Niliomba likizo nikakaa naye. Hospitali ilitupa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwenye chupa, na Rehema ndiye aliyeipima. Lakini bega liliendelea kumchoma, akaomba vitambaa vya mzizi. Nilimpigia daktari. Akasema, "Cha nje hakinipi shida. Asinywe tu, na msiweke kwenye kidonda." Somoe akanielekeza mahali, nikachimba mizizi iliyobaki, nikatwanga mwenyewe. Mikono ilikuwa imepata nguvu. Kila nilipoinua mchi niliijua nguvu ile ilikotoka, na yeye, akiwa amelala anasikiliza mchi, aliijua pia.

Nilikuwa nasimama mbele yake na kitambaa, Rehema na kijiko.

"Uanze na kipi, mama?" Rehema aliuliza.

Somoe alinitazama mimi. "Leo nataka mistari yote miwili."

Rehema hakuelewa. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko mpaka nikaweza kurudi.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwuliza. Niliona kumwuliza ni kumwomba kazi nyingine. Alifariki asubuhi, kabla ya korosho za kwanza kudondoka, Rehema akimkanda miguu.

Kwa anayeanza safari hii, nina maneno machache. Uvimbe wa asubuhi unaozidi wiki kadhaa, usiuite uchovu. Dawa zake huchelewa, zivumilie. Ukipata kitu cha kienyeji kinachokupoza, mwambie daktari jina lake hata kama ni jina la kukufungisha. Wangu hakuita polisi. Na nyumbani pia sema. Huko ndiko nilikoshindwa. Mgonjwa aliyepona anatazamwa na watu asiowajua, na wengine wanachagua kwa kumtazama yeye.

Siku ya arobaini ukoo ulikusanyika Kilimarondo. Baada ya dua, kabla ya chakula, Mjomba Bakari alisimama. Alisema chungu cha Somoe hakiwezi kukaa kimepinduliwa bila mrithi, na kwamba mtu anayefaa kukishika yuko hapa, mwenye ushahidi mwilini mwake. Akanionesha kwa mkono. Pembeni yake alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Nandagala, aliyeletwa na mwanawe asubuhi ile. Shingo yake ilikuwa na uvimbe kama yai, ameufunika kwa mtandio.

"Ametoka mbali," alisema Mjomba. "Ameambiwa habari zako."

Nilisimama. Nilisema kila kitu, mbele ya wanaume mkekani na wanawake waliokuwa kwenye masufuria, kuanzia karatasi ya Asha hadi siku ya ungo. Nilisema Somoe aliniuliza mara mbili na mara mbili nilimhakikishia kwamba mzizi umenisaidia. Mjomba alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Baadaye alisema tu, "Ulipaswa kunibishia, mwanangu. Ningekasirika, kisha ningetulia."

Yule mama wa Nandagala aliondoa mtandio. "Kwa hiyo mimi niende wapi?"

Nikamwandikia siku ya kliniki na jina la daktari. Mwanawe akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Pilau likaletwa. Rehema alipita na birika na beseni kuwanawisha wageni, mmoja baada ya mwingine, mtoto kamfunga mgongoni. Alisikia yote kama wengine; kabla ya hapo alikuwa hajui. Alipofika kwangu alipiga magoti, akaweka beseni, nikanyoosha mikono. Akaanza kumimina. Mikono ilitakata, akaendelea. Maji yalijaa beseni, yakamwagika mkekani, waliokaa jirani wakavuta nguo zao, hakuna aliyemwambia aache. Hakunitazama usoni, alitazama vidole vyangu. Sikuondoa mikono. Alimimina mpaka birika likaisha, akalitikisa kuhakikisha, kisha akasimama akaenda kulijaza kwa ajili ya waliobaki.